Wajuzi wa miamba njooni: kama Kilimanjaro ni volkano, Upare na Usambara zilitokea wapi?

#1 Mtoto wa Hedaru
Habari za jioni wakuu, moja kwa moja kwenye mada.

Leo kijiweni kumewaka. Ukitoka Dar kwenda Arusha, kuanzia Mombo mpaka Mwanga milima inakusindikiza mkono wa kulia, kwanza Usambara halafu Upare, na mbele huko Kilimanjaro ndo inachomoza. Kilimanjaro kila mtu anajua ni volkano. Sasa hii mingine je? Jamaa mmoja anasema nayo ni volkano ila imezimika siku nyingi. Mimi nikasema hapana, mwalimu wa jiografia alitufundisha ni milima iliyoinuliwa na nyufa, yaani ardhi inapasuka pande mbili, pembeni kunadidimia, kipande cha kati kinabaki juu, na kwenye mtihani tuliandika hivo tukapewa vema. Kuna kijana wa madini alikuwa anakunywa kahawa pembeni akasema wote hamjui kitu, iyo milima imetokana na mabara kugongana zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na sio mara moja. Akalipa kahawa yake akaondoka, katuachia vita.

Nani mkweli hapo?

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 Simba wa Same
Volkano iyo, hakuna cha kujadili. Kuna mawe meusi tii huku kwetu, yametoka wapi kama sio kwenye moto? Na Kilimanjaro iko hapo hapo jirani.

#4 Mzee wa Nyundo
Mkuu #3 punguza kasi. Weusi wa jiwe sio cheti cha volkano.

Nenda sehemu yoyote barabara ilipochongwa kwenye mwamba, chukua jiwe lililopasuka karibuni, lile la juu lililoungua na jua liache. Lilowanishe maji ulitazame. Utaona mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, na mahali pengine mistari imepinda mpaka imejirudi yenyewe. Mweupe ni kwatzi na feldispa, mweusi ni mika na honiblendi. Katikati ya mistari kuna vipele vyekundu vya milimita mbili tatu, vingine vikubwa zaidi, izo ni garneti. Jiwe hilo ni naisi. Lava ikimwagika juu ya ardhi inapoa chapuchapu, chembe zake huzioni kwa macho na mara nyingi ina vitundu vya gesi, haijipangi mistari namna iyo.

Sasa ukipima madini yaliyomo mule unakuta jiwe lilikuwa kilomita 35 hadi 40 chini, kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, likakandamizwa huko bila kuyeyuka lote. Jiulize, kitu gani kinaweza kuzamisha jiwe kilomita 35? Jibu la wengi ni mabara kugongana. Upande mmoja ni lile bara kongwe la katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma, Singida, Tabora mpaka ziwani, upande wa pili ni vipande ambavyo leo ni Madagaska, India, Sri Lanka na Antaktika. Kati yao palikuwa na bahari. Bahari ikafungwa, vipande vikakutana, gamba la dunia likanenepa. Kwa milima yenu ya Upare, Usambara na Uluguru tunazungumzia miaka milioni 640 hivi. Kilimanjaro haijafikisha hata milioni 3, kwa iyo ujirani wao ni wa juzi.

#5 Kiti cha Mbele
Yaani mabara yamegongana kwa Wapare na hakuna kesi iliyofunguliwa? Naanza kuwa na mashaka na hii historia.

#6 Simba wa Same
@Kiti cha Mbele kesi ipo, inasubiri mashahidi wa upande wa India 😂

#7 Mtoto wa Hedaru
Shukrani Mzee wa Nyundo. Kwa iyo mwalimu wangu alitupiga chenga?

#8 Ticha Mstaafu
Hapana kijana, mwalimu wako mwache apumzike. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya, umri wa mwamba na umri wa mlima. Mwamba wa Upare umepikwa miaka milioni 640 iliyopita. Ila mlima unaouona leo, ile kuta inayosimama juu ya barabara, ni kazi ya nyufa za baadae sana. Vitabu vya shule vinaongelea umbo, kijana wa kahawa anaongelea jiwe, na wote mnagombana bure.

Ule mgongano wenyewe chukua mkeka, usukume kutoka pande mbili, utaona unavyokunjamana. Ndo milima ya kukunjamana inavyozaliwa, Himalaya hivyo hivyo.

#9 Dada wa Miamba
Ticha heshima yako, lakini mkeka unadanganya. Mkeka unapanda juu tu. Gamba la dunia likisukumwa linanenepa zaidi kwenda chini kuliko juu, na kipande kimoja kinaingia chini ya kingine. Kule Himalaya na Tibet gamba lina unene wa kilomita 70 hivi wakati kilele cha Everest hakifiki hata kilomita 9. Sehemu kubwa ya mlima iko chini ya miguu.

Na hapo ndo hesabu yetu inanoga. Chini ya Tanzania leo gamba lina unene wa kilomita 35 hadi 40. Mawe tuliyosimama juu yake Upare yalikuwa kina cha kilomita 35 na kitu. Jumlisha. Kama unene wa chini ulikuwepo muda wote basi gamba la hapa liliwahi kufika kilomita 70 na ushee. Yaani Lushoto ilikuwa chini ya kitu cha saizi ya Tibet. Milima ile imeisha yote, imelika, tumebaki na mizizi.

#10 Yohana K
Milioni 640, bilioni, kilomita 40 chini. Nani alikuwepo? Mnapenda kukariri namba za wazungu. Mtu ameokota jiwe Usangi anakwambia lina miaka milioni mia sita, amelisoma wapi, lina cheti cha kuzaliwa?

#11 Mzee wa Nyundo
Linacho, na cheti chenyewe kinaitwa zirkoni.

Hii ni chembe ndogo, mara nyingi haifiki nusu milimita, ngumu, haitoki rangi haiyeyuki ovyo. Inapokua kwenye mwamba wa moto inapokea urani ndani yake lakini risasi inaikataa. Kwa iyo inaanza maisha ikiwa na urani bila risasi. Urani inageuka risasi kwa mwendo unaojulikana: urani 238 inapungua nusu kila miaka bilioni 4.47, urani 235 kila miaka milioni 704. Ni saa mbili tofauti ndani ya chembe moja. Zikikubaliana, umri unao. Zikikataa, unajua chembe ilivurugwa njiani na huitumii kirahisi.

Uzuri wake sasa. Ukiikata zirkoni ya naisi ukaipiga picha maabara unakuta ina kiini na maganda. Kiini kinatoa umri mmoja, ganda la nje umri mwingine. Ukichukua mawe ya upande wa Mpwapwa na Kilosa huko, kuna viini vinavyotoa zaidi ya miaka bilioni 2.5, maganda yanatoa milioni 550 hivi. Yaani jiwe lilizaliwa enzi za lile bara kongwe, likaja kupikwa upya. Hapo hukariri, unapima.

Na huyo mzungu wa kwanza kulipa jina hili eneo zima hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Arthur Holmes alikuja Msumbiji 1911 kutafuta madini akiwa kijana, akaondoka na malaria. Mwaka huo huo ndo alitoa umri wa jiwe kwa njia ya urani na risasi, akiwa kati ya watu wa kwanza kufanya hivyo. 1951 akaandika kwamba kuna ukanda mmoja mrefu wa miamba iliyopikwa upande huu wa Afrika akauita Mkanda wa Msumbiji. Na hapo vipimo alivyokuwa navyo ni vichache mno ukilinganisha na sasa.

#12 Yohana K
Sawa nimesoma. Bado sijaona aliyekuwepo.

#13 Apolo Mstaafu
Mimi sijasoma jiolojia ila nimeshinda chini ya ardhi Mererani ujana wangu wote, niwape ya shimoni.

Kule hatuchimbi hovyo, unafuata mkanda wa grafaiti. Mweusi, unateleza, ukitoka nje huna tofauti na mwenzio, meno tu. Sasa ule mkanda haukai umenyooka hata siku moja. Unakwenda unashuka, ghafla unajikunja unarudi ulikotoka, mahali unabanwa mpaka unabaki upana wa kiganja, mbele kidogo unavimba. Tuliambizana tangu tunaingia kwamba kwenye mkunjo na kwenye uvimbe ndo mahali pa kukaza nyundo, maana mifuko ya tanzanaiti inakaa humo. Kwenye mkanda ulionyooka unaweza kutoboa miezi unakula madeni ya uji tu. Hakuna aliyetuambia ni mabara yamegongana, sisi tulijua mwamba ulisukumwa na mtu mwenye hasira.

Na kitu kingine, jiwe likitoka mara nyingi ni la kahawia hivi, ile bluu mnayoiona dukani nyingi imepatikana baada ya kuchomwa. Mabroka wasiwadanganye.

#14 Kiti cha Mbele
Mkuu Apolo ulipata ngapi? Yule mzee Laizer mchimbaji 2020 alitoa mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9 na ushee, serikali ikampa shilingi bilioni 7.7. Wewe umetoka na nini tukusalimie kwa heshima inayostahili

#15 Apolo Mstaafu
Nimetoka na kikohozi na hadithi. Endeleeni na mada.

#16 Dada wa Miamba
😂 Pole mkuu. Ila ulichoandika #13 ni somo zima. Ile grafaiti ilikuwa tope la baharini lenye mabaki ya viumbe. Marumaru inayokaa jirani nayo ilikuwa chokaa ya chini ya bahari. Vanadi, ile metali inayoipa tanzanaiti rangi, ilikuwa kwenye lile lile tope. Kwa iyo mtu akiuliza ushahidi wa bahari iliyofungwa, Mererani iko hapo, Mahenge kwenye grafaiti na marumaru iko hapo, Morogoro pia.

Tanzanaiti yenyewe imechelewa, ni ya miaka milioni 585 hivi, baada ya moto mkubwa, wakati miamba inapoa na maji moto yanapita kwenye nafasi za mikunjo. Mgongano ulitengeneza nafasi, tanzanaiti ikaja kupanga.

#17 Mdawida Original
Sasa wabongo mbona mnaongea ni kama hiyo milima iliisha boda ya Holili? Taita Hills huku Kenya ni ndugu moja na Pare, ukiwa Wundanyi siku hewa iko safi unaziona. Na tsavoraiti, ile garneti ya kijani, iko huku kwetu kwa hiyo hiyo marumaru na grafaiti. Mjiolojia Campbell Bridges aliipata kwanza upande wenu 1967 kisha akaja kuifuata mwamba huo huo hadi akaipata Taita. Jiwe halijui boda.

Kuhusu bahari, kuna ushahidi noma zaidi ya tope. Huko West Pokot kwa vilima vya Sekerr, Baragoi kule Samburu, na Moroto upande wa Uganda, kuna vipande vya sakafu ya bahari yenyewe, yale mawe meusi na ya kijani ya chini kabisa, yamebanwa katikati ya mabara yakaachwa hapo juu. Ukitaka kujua bahari ilipita wapi fuata hivyo vipande.

#18 Mbeba Box Jeddah
Salaam toka huku. Nyongeza kwa #17, ukipanda kaskazini ushahidi unaongezeka. Huku Hijaz milima karibu yote, kutoka Jeddah ukipanda Taif, ni vipande vya visiwa vya volkano vya baharini vilivyogongana kimoja baada ya kingine vikashonwa pamoja kabla ya ule mgongano mkubwa. Na Bahari ya Shamu ni ya juzi tu, zamani Hijaz na Sudan ilikuwa kitu kimoja. Mkanda ni huo huo wa kwenu, ila huku ulibanwa kidogo ndo maana visiwa bado unavitambua. Kwenu ulibanwa mpaka ukaiva.

Kuna mtu hapo juu amesema milima imelika yote. Kama mnajiuliza udongo ulikwenda wapi, ile michanga ya rangi ya Petra na Wadi Rum kule Jordan ni ya enzi za miaka milioni 500, na zirkoni zilizomo nyingi umri wake unaangukia kwenye mkanda huu huu.

#19 Simba wa Same
Kwa iyo Wapare tuna mgao Petra. Nimeipenda hii.

#20 Mzee wa Nyundo
Wa Petra ni jirani za Mbeba Box zaidi kuliko wewe, huo mkanda ni mrefu maelfu ya kilomita, kila mtu anamwaga kwake. Usianze kufungua jalada.

#21 Mkweli Mchungu
Mnavyoandika utafikiri mambo yameshaisha. Mimi nawachokoza. Post #9 ya hesabu ya kilomita 70 ni nzuri lakini inategemea kitu kimoja, kwamba unene ule uliletwa na bara kupanda juu ya bara. Kuna utafiti wa 1998 juu ya granulaiti za mashariki ya Tanzania, yaani mawe yaliyopikwa kwa joto kali chini sana, hizi hizi za Upare, Usambara na Uluguru, uliokataa wazi kwamba mgongano wa mabara ndo ulizipika.

Hoja yao ni hii. Mabara yakigongana, mwamba unazama, unapata joto, halafu mlima ukilika mwamba unapanda juu ungali wa moto. Yaani mgandamizo unashuka kwanza, joto linafuata. Sasa garneti za huku zinasimulia kinyume, zimepoa zikiwa bado kule kule chini, mgandamizo haujapungua sana. Ukiangalia kwenye hadubini garneti zimekua pembezoni mwa madini mengine mwamba ukiwa unapoa, badala ya kuvunjika kama ungekuwa unapanda haraka. Maelezo yao, uji wa mwamba ulipanda kutoka chini ukajikusanya kwenye kitako cha gamba, gamba likanenepa kwa kuongezewa kutokea chini, sawa na chini ya safu ya volkano zilizo pembeni ya bara. Mgongano ukaja baadae.

Kwa iyo Simba wa Same #3 na volkano yake hayuko mbali sana na ukweli kama mlivyomcheka.

#22 Simba wa Same
NILISEMA MIMI

#23 Dada wa Miamba
@Simba wa Same tulia, yeye anasema chini ya volkano, kilomita 35. Wewe ulisema mawe meusi.

@Mkweli Mchungu hoja yako naijua na ina uzito, hasa ukizingatia kwamba mawe mengi ya mashariki asili yake ni uji wa mwamba wa kati ya miaka milioni 700 na bilioni 1, sio wa bara kongwe. Ila kupoa ukiwa chini sio lazima ukatae mgongano. Kama bara jingine limekuwekea paa juu na halijaondoka, unapoa hapo hapo ulipo. Au kama kipande chote kilisukumwa kikateleza juu ya kingo ya bara kongwe, kinapoa kikiwa kinasafiri kulala. Kuna wanaochora hivo kabisa, granulaiti za mashariki ni shuka kubwa lililokuja kulalia yale mawe ya magharibi. Nenda Uluguru, mlima ni mawe ya mashariki ila yanakaa juu ya naisi nyingine.

#24 Mama Mgeta
Hapo Uluguru mmenigusa. Sisi tunalima viazi na kabichi juu ya hilo shuka basi. Swali langu dogo, kama milima ilikuwa imelika yote kwa nini Uluguru bado iko juu zaidi ya mita 2,600 na Morogoro mjini iko chini pale, na kuta imesimama wima hivi? Miaka milioni 600 haitoshi kuifuta?

#25 Ticha Mstaafu
Ndo maana nilisema msimguse mwalimu. Inatosha, na ilifutwa. Kilichorudisha ni nyufa. Mshono wa mgongano hauponi, unabaki dhaifu. Ardhi ikivutwa tena inapasukia hapo hapo. Tazama Bonde la Ufa lenyewe, mikono yake miwili imelizunguka bara kongwe la katikati, mmoja mashariki mwingine magharibi, haukupita katikati yake. Mkono wa Tanganyika na Rukwa umefuata mkanda mwingine wa zamani zaidi, wa Ubende.

Ila lini hasa Uluguru iliinuka, hapo hata wakubwa wanabishana. Wapo wanaosema kazi ilianza enzi za Karoo, zaidi ya miaka milioni 200, Gondwana, lile bara kuu lililoungwa na migongano hii, ilipoanza kuvutwa, wapo wanaosema sehemu kubwa ya kinachoonekana ni ya miaka milioni 30 ya karibuni. Vipimo vya chembe za madini ya apataiti vinaonyesha miamba ilipoa kwa awamu, kila mtu anachukua awamu yake anasema hii ndo ya mlima.

#26 Mkweli Mchungu
Na wengine wanasema mlima ukilika unapungua uzito unapanda tena wenyewe. Tusiwasahau.

#27 Mtu wa Iringa
Mmesahau mgongano wa kwanza kabisa. Kijana wa kahawa alisema sio mara moja mkapita juu juu. Huku Isimani kuna eklojaiti za miaka bilioni 2. Eklojaiti ni sakafu ya bahari iliyoburutwa chini ya bara zaidi ya kilomita 50 mpaka ikageuka garneti nyekundu na pairoksini ya kijani, ukiikata inang'aa rangi mbili. Ni kati ya eklojaiti kongwe zinazojulikana duniani. Maana yake bahari ilifungwa hapa, pembeni ya bara kongwe lile lile, miaka bilioni moja na milioni 300 na zaidi kabla ya hiyo yenu ya Upare. Milima ikaota, ikalika, bahari nyingine ikafunguka, ikafungwa, milima ikaota tena. Mnapigania mgongano wa mwisho kana kwamba ndo wa kwanza.

#28 Kiti cha Mbele
Isimani si pale penye nguzo za udongo na zana za mawe za kale? Nilipelekwa na shule

#29 Mtu wa Iringa
Hiyo ni Isimila mkuu. Zile nguzo ni mashapo ya juzi, mvua imezichonga. Shule yenu ilipanda basi sahihi, wewe ndo ulilala.

#30 Mwana Katanga
Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi. Bado hamujasema upande wetu. Shaba na kobalti ya Katanga iko mu miamba ilikunjwa karibu miaka milioni 550, wakati bara la Kongo iligongana na bara la Kalahari ya kusini. Ni ule wakati moja na maganda ya zirkoni yenye Mzee wa Nyundo alisema. Sasa naomba munielezee, ni mugongano moja ama mbili? Juu Tanzania mashariki muko na 640, magharibi na kusini muko na 550, na sisi tuko na 550.

#31 Mzee wa Nyundo
Karibu sana ndugu wa Lubumbashi, umeuliza swali ambalo linagawa watu kwenye mikutano.

Kundi la kwanza linasema ni migongano miwili tofauti. Wa kwanza wa mashariki na magharibi, milioni 650 hadi 620, wanauita wa Afrika Mashariki. Wa pili wa kaskazini na kusini, milioni 570 hadi 530, wanauita wa Kuunga, ndo huo wa kwenu Katanga na Zambia, kusini mwa Tanzania, Msumbiji mpaka Sri Lanka na Antaktika. Gondwana haikufungwa siku moja, vipande vilifika kwa zamu.

Mimi niko kundi hilo.

#32 Dada wa Miamba
Mimi siko. Kati ya Upare na Kilosa sio mbali hivo mpaka uniambie ni migongano ya mabara tofauti. Naona ni msukumo mmoja mrefu, mashariki iligongwa ikapoa mapema, ikaendelea kusukumwa juu ya magharibi, magharibi ikazikwa na kupikwa miaka milioni 90 hivi baadae. Himalaya yenyewe inasukumwa mwaka wa milioni 50 huu na haijaacha, na India ile ndo ilikuwa sehemu ya vipande vilivyotugonga sisi. Tukaachana nayo na Madagaska miaka milioni 160 hivi iliyopita, baadae ikaiacha na Madagaska, ikaenda kugonga Asia.

#33 Simba wa Same
India ina tabia mbaya tangu zamani

#34 Mkweli Mchungu
Dada, msukumo wako mmoja hauelezi Katanga. Nani alimsukuma Kalahari kutokea kusini?

#35 Dada wa Miamba
Katanga sijaikataa, nimekataa kuiburuta mpaka Kilosa. Kuunga ibaki kusini huko, nionyeshe mstari wake unapita wapi ndani ya Tanzania.

#36 Mzee wa Nyundo
Mahenge. Pale umri wa 550 umejaa, na vile vito vyekundu vya spineli vilivyopatikana 2007 vimetoka kwenye marumaru iliyopikwa kipindi hicho hicho.

#37 Dada wa Miamba
Mahenge nayo iko upande wa magharibi wa shuka langu. Hujanionyesha mstari bado Mzee wangu, umenionyesha umri.

#38 Mtoto wa Hedaru
Nimemtafuta yule kijana wa kahawa nimpe uzi huu. Kasoma mpaka #32 kasema Dada anaongea ukweli lakini Mkweli Mchungu #21 hajajibiwa. Nikamwambia ajiunge aandike mwenyewe, kasema ana safari ya Winza, kuna rubi.

#39 Apolo Mstaafu
Mwambie akaze kwenye mikunjo.